Rekodi za Tope: Kutoka Dandora, Kupitia Ukambani, Hadi Sabaki

Kitui na Makueni hazina pwani, lakini mlango wa mto wao upo. Uko kaskazini ya Malindi, ukikaribia Mambrui, mahali Mto Sabaki unapomwaga maji mekundu baharini na kuibadilisha rangi bahari kila mvua zinaponyesha bara. Sabaki ndio Galana, na Galana ni Athi uliokwisha kupokea Mto Tsavo. Kabla ya kufika huko Athi huwa mpaka wa kaunti hizi mbili kwa safari ndefu, Makueni upande wa magharibi na Kitui upande wa mashariki. Udongo unaomomonyoka Mbooni, Kathonzweni na Ikutha huishia Sabaki, pamoja na chochote kilichomwagwa kwenye mitaro ya Nairobi, kwa sababu Mto Nairobi, Ngong na Mathare yote ni matawi ya Athi.

Nimekusanya hapa rekodi za mto huu, na chache za mito ya mbali zinazosaidia kuuelewa: kilicho kirefu, kikongwe, kichafu, kikubwa kuliko vingine. Karibu zote zimehifadhiwa kwenye tope. Maji hupita yakaenda zake. Tope hubaki na hesabu. Ndiyo maana naamini kwamba anayepima maji ya Athi bila kupima tope lake bado hajaupima mto.

Risasi, shaba, zinki na kromiamu zikiingia mtoni hazielei muda mrefu. Hujishika kwenye chembe laini za mfinyanzi, kwenye utando wa kutu ya chuma na manganizi unaozifunika chembe hizo, na kwenye mabaki ya majani na kinyesi. Mchanga wa chembe kubwa hushika kidogo mno. Mtu akichota chupa ya maji pale Kibwezi akaipeleka maabara, na maabara ikayachuja maji kwanza kabla ya kuyapima, anaweza kuletewa majibu ya kupendeza ilhali sehemu kubwa ya metali imebaki kwenye karatasi ya kuchujia. Jaza maji ya Athi kwenye mtungi wa lita 20 wakati wa masika, uuache usiku kucha bila kuutikisa. Asubuhi maji ya juu yamekuwa maangavu, na chini limelala tabaka la tope laini linaloteleza vidoleni. Kama kuna risasi, iko hapo.

Mtungi huo na mlango wa mto hufanya kazi hiyohiyo, ila mlangoni chumvi ya bahari huongeza mambo mawili yanayopingana. Kwanza huzigandamanisha chembe laini, zikawa nzito na kuzama, hivyo metali zikazikwa. Papo hapo chumvi hiyohiyo huivua kadmiamu kutoka kwenye mfinyanzi na kuirudisha majini. Halafu kuna tope lenyewe. Chomeka fimbo kwenye matope ya mlango wa mto, hasa panapoota mikoko. Juu rangi ni ya kahawia. Vidole viwili vitatu kwenda chini ni nyeusi tii na inanuka yai bovu. Huko oksijeni haifiki, na salfaidi iliyopo huzifunga risasi, zinki na kadmiamu zisitoke. Mafuriko yakilichimbua tope hilo, au mashine ya kuchimbua bandari, au kiboko wa Sabaki akilikoroga, oksijeni huingia na kifungo kikafunguka. Sumu iliyozikwa miaka arobaini iliyopita huweza kutoka mchana mmoja.

Mrefu kuliko karibu yote: mkondo wa lava wa Yatta

Ukiwa Kibwezi ukatazama mashariki, ng'ambo ya Athi, unaona ukuta mrefu uliokatwa bapa juu, hauna kilele na hauishi. Ndio uwanda wa Yatta, unaoanzia karibu na Ol Donyo Sabuk na kushuka hadi ndani ya mbuga ya Tsavo, takriban kilomita 290. Wanajiolojia huuhesabu miongoni mwa mikondo mirefu ya lava duniani. Lava hiyo ilitiririka yapata miaka milioni 13 iliyopita ndani ya bonde la mto wa kale, ikapoa na kuwa ngumu. Baadaye kuta za bonde zikamomonyoka na lava ikabaki juu, mahali palipokuwa chini.

Rekodi hii naiweka mbele kwa sababu ya haki. Miamba ya Ukambani, lava hii na ile miamba ya kale iliyo chini yake, ina chuma, manganizi na kromiamu za asili. Tope lenye metali si lazima liwe limechafuliwa na mtu. Wapimaji makini hulinganisha kila metali na alumini au chuma kilichomo kwenye tope lilelile, au huchimba hadi tabaka lililotulia kabla ya viwanda kuwapo, wakalitumia kuwa kipimo cha mwanzo. Ripoti inayotaja miligramu za kromiamu bila kipimo hicho cha mwanzo haijasema mengi.

Kumbukumbu kongwe: tumbawe la Malindi

Hifadhi ya baharini ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, zikiwa za kwanza nchini Kenya, ina matumbawe makubwa yanayojenga tabaka moja la mifupa kila mwaka. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha matokeo ya tumbawe moja la huko lenye umri wa takriban miaka 300. Walichopima ndani yake ni bariamu. Metali hii husafiri mtoni ikiwa imeshikwa na mfinyanzi. Mfinyanzi ukikutana na chumvi huiachia, na tumbawe huijenga ndani ya mifupa yake. Tabaka lenye bariamu nyingi ni mwaka ambao udongo mwingi uliteremka na Sabaki. Hakuna ofisi ya wilaya yenye daftari la mmomonyoko wa Ukambani linalorudi nyuma hadi karne ya 18. Tumbawe linalo.

Na linasema wazi. Katika karne za 18 na 19 bariamu ni kidogo na haibadiliki sana. Inaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, ikaendelea kupanda, na miaka ya 1970 ikafika juu kuliko wakati wowote uliotangulia.

Tarehe hizo zina uzito kwa kila anayejua historia ya Wakamba. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo ndiyo inayoumaliza udongo, ilianza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa lazima. Muindi Mbingu na Chama cha Ukamba wakawaongoza watu kwa miguu hadi Nairobi wakaonane na gavana. Ng'ombe wengi walirudishwa, lakini Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Tumbawe linaonyesha kwamba udongo ulianza kuteremka kwa wingi miongo kadhaa kabla ya 1938, katika miaka ileile ambayo Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya hifadhi walizotengewa na wakoloni huku mashamba ya walowezi yakifunguliwa juu ya mto. Mzigo wote hauwezi kutupiwa ng'ombe wa Muindi.

Kitu kingine ambacho ni haki kusemwa: watu wa huko ndio walioupunguza mmomonyoko. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu mwaka 1994 kuhusu Machakos ya zamani, iliyokuwa na Makueni ndani yake. Wakaonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na hali ya mashamba ikawa nafuu kuliko mwanzo. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, vilichimba matuta ya fanya juu kilima baada ya kilima, na mtindo huo leo unafundishwa katika nchi nyingi zenye ukame. Bado lakini Sabaki unabeba mzigo mkubwa. Vipimo vilivyochukuliwa kila wiki mbili kati ya 2011 na 2013 vilitoa makadirio ya tani milioni 4 za mashapo kwa mwaka. Ufuo wa Malindi umejaa na kusogea kuelekea baharini kwa sababu ya udongo wa bara.

Kichafu kuliko vyote juu ya mto: Dandora

Udongo peke yake huyadhuru matumbawe. Udongo uliopita Nairobi hubeba na vingine. Jalala la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970 kwenye shimo la machimbo ya mawe, kando kabisa ya Mto Nairobi. Ekari zake ni takriban 30. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilihili, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Njoroge Kimani. Sampuli ya udongo wa jalalani ilikuwa na miligramu 46.7 za zebaki kwa kilo. Ile ya ukingo wa mto ilikuwa na 18.6. Kiwango kilichochukuliwa kuwa cha kukubalika kilikuwa 2. Watoto 328 wa mitaa ya karibu walichunguzwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa cha tahadhari wakati huo. Leo wataalamu wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto ambacho ni salama.

Nazisoma namba hizo mbili za zebaki pamoja, 46.7 jalalani na 18.6 ukingoni, kwa kuwa zinaonyesha mwelekeo. Uchafu ulikuwa njiani kuelekea mtoni. Ongeza hapo gereji za Grogan zinazomwaga oili chafu, karakana za Kariobangi zinazoyeyusha vyuma chakavu na betri kuukuu, viwanda vya ngozi vinavyotumia kromiamu, na Eneo la Viwanda linalotiririkia Mto Ngong. Yote hushuka Athi, yakaanguka pamoja na maporomoko ya Fourteen Falls, yakaingia Ukambani. Kibwezi kuna wakulima wanaovuta maji ya mto huo kwa pampu kumwagilia nyanya, pilipili, bamia na karela, nyingine za kuuzwa ng'ambo. Hawakuchagua kuwa chini ya Nairobi. Mto ndio uliowapa nafasi hiyo.

Chini zaidi, ndani ya Tsavo, Athi hupata bahati. Mto Tsavo huleta maji ya chemchemi za Mzima, yaliyochujwa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu, na maji ya Athi hupungua ukali. Bahati hiyo lakini huja baada ya mto kuzipita Kitui na Makueni.

Ya mwisho kuondoka: petroli yenye risasi

Hii ni rekodi ya kufurahia. Kwa karibu miaka mia moja risasi ilichanganywa na petroli ya magari duniani kote, ikatoka na moshi, ikatua barabarani, ikasombwa na mvua hadi mitoni. Kenya na karibu nchi zote za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, Julai 2021. Tope la milango ya mito mingi sasa linaonyesha jambo hilo: tabaka za juu zina risasi kidogo kuliko za katikati. Ila tabaka za katikati hazijaondoka. Zimelala pale, zikisubiri kuchimbuliwa.

Tatu za mbali

Zebaki nyingi zaidi kwenye tope la ghuba: Minamata, kusini mwa Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kuanzia 1932 hadi 1968. Mei 1956 ugonjwa wa wavuvi na familia zao ulitambuliwa rasmi: mikono inayotetemeka, macho yanayopoteza uwezo wa kuona pembeni, watoto wanaozaliwa wakiwa wameathirika tayari tumboni. Karibu na mdomo wa mtaro wa kiwanda tope lilipatikana na zaidi ya miligramu 2,000 za zebaki kwa kilo. Kuanzia 1977 hadi 1990 Wajapani walilifyonza tope chafu, wakalirundika nyuma ya kuta na kulifunika kwa udongo safi; ikatokea nchi kavu mpya ya hekta 58. Kiwanda kiliacha kumwaga zebaki 1968, na ghuba ikasafishwa hadi 1990. Nani hapa kwetu angelipa gharama ya kulifyonza tope kwa miaka 13?

Safari ndefu ya tope lililovunja ukuta: Rio Doce, Brazil. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la masalia ya mgodi la Fundão, mali ya kampuni ya Samarco, lilipasuka. Watu 19 walikufa. Tope jekundu la chuma lilisafiri zaidi ya kilomita 600 na kufika Bahari ya Atlantiki baada ya wiki mbili hivi, likatua kwenye mlango wa mto huko Regência. Watu wa mlangoni hawakuwahi kuuona mgodi huo.

Miongoni mwa uchafuzi mkongwe zaidi unaojulikana: Rio Tinto, kusini mwa Hispania, ambako watu walianza kuchimba shaba takriban miaka 5,000 iliyopita. Maji yake hadi leo ni mekundu na ukali wake wa asidi unakaribia ule wa siki. Mlango wake huko Huelva umo katika orodha za milango ya mito yenye metali nyingi kuliko yote. Mgodi ukishaufungua mwamba wenye salfaidi, asidi huendelea kutoka hata wachimbaji wakiwa wamekwisha kusahaulika.

Kwa sababu ya Rio Tinto nataja kwa ufupi rekodi moja ya Kitui: bonde la Mui, lenye takriban kilomita za mraba 500 na makaa ya mawe ambayo eneo moja tu, lile lililopewa herufi C, lilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. Ni akiba kubwa ya makaa kuliko zote zilizogunduliwa Kenya, na haijachimbwa, ingawa kampuni ya Fenxi ya China ilipewa haki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wakazi wa Zombe, Mutito na Yoonye wameishi na swali la kuhamishwa muda wote huo. Siku ya kuchimba ikifika, salfa ya makaa hayo na maji yatakayotoka mashimoni yapimwe kabla ya tani ya kwanza kutoka.

Fidia kubwa: Thange na Owino Uhuru

Mei 2015 wakazi wa Thange, karibu na Kibwezi, walikuta mafuta kwenye mto wao. Bomba la kampuni ya serikali ya Kenya Pipeline linalotoka Mombasa kwenda Nairobi, lililojengwa miaka ya 1970, lilikuwa limevuja chini ya ardhi. Visima viliharibika, mashamba yakaungua, na watu wakaanza kulalamikia magonjwa. Mto Thange huingia Athi.

Mafuta si metali, lakini yakizama kwenye udongo wenye maji bakteria huyala na kumaliza oksijeni yote. Bila oksijeni, kutu ya chuma na manganizi iliyomo ardhini huyeyuka, na pamoja nayo aseniki na metali nyingine zilizokuwa zimeshikwa nayo. Ndiyo sababu kisima kilicho jirani na mafuta huweza kutoa maji yenye metali ambazo hazikutoka kwenye bomba hata kidogo. Zilikuwa ardhini muda wote.

Julai 2025, miaka kumi baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru kampuni hiyo iwalipe zaidi ya watu 3,000 shilingi bilioni 3.8. Kabla yake kesi iliyojulikana zaidi ya aina hii ilikuwa ya Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za gari. Phyllis Omido aliyeiongoza alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikalitengua agizo hilo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha. Wakazi wa Thange wanaijua njia hiyo ya mahakama ilivyo ndefu, na wengine waliouona mwanzo wa kesi yao hawakuuona mwisho.

Mengi kuliko popote: mabwawa ya mchanga

Kitui, pamoja na jirani zake Makueni na Machakos, ina mabwawa ya mchanga mengi kuliko sehemu nyingine yoyote inayojulikana duniani. Ukuta wa zege hujengwa kukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake kwa misimu michache, na maji hujificha ndani ya mchanga. Wakati wa kiangazi mama hufukua shimo la kina cha mkono, akangoja lijae, akachota kwa kata hadi mtungi ujae. Shirika la SASOL peke yake lilijenga mamia ya kuta hizo Kitui kuanzia miaka ya 1990, wanakijiji wakibeba mawe.

Hapa kuna habari njema ya kitaalamu isiyosemwa vya kutosha. Tumeona kwamba metali hushikwa na chembe laini, si mchanga. Bwawa la mchanga lililojengwa vizuri huuacha mfinyanzi upite juu ya ukuta na mafuriko, likabaki na chembe kubwa zilizo safi. Tena mito hii ya msimu haitokei Nairobi. Inaanzia vilima vya hapohapo. Kwa upande wa metali, maji ya mchangani ya Kitui yana nafasi nzuri kuliko ya Athi, ingawa choo na mifugo vikiwa karibu bado ni hatari nyingine.

Mchanga huo ndio unaoibwa usiku kwa malori kwenda majengo ya mijini. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Mchanga ukiondolewa, sakafu ya mto hushuka, kingo huporomoka, na udongo laini ulio bora kwa kubeba metali huongezeka mtoni.

Kubwa kuliko lolote kwenye Athi: Thwake

Nimeliacha bwawa la Thwake liwe la mwisho kwa kuwa hapa ndipo mlango wa mto unapohamia Ukambani.

Liko mahali Mto Thwake unapoingia Athi, bega moja la ukuta likiwa Makueni na jingine Kitui. Ujenzi ulizinduliwa 2018, mkandarasi akiwa China Gezhouba, kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta una kimo cha takriban mita 80, na bwawa lina nafasi ya mita za ujazo zaidi ya milioni 680. Masinga kwenye Mto Tana ni kubwa zaidi, bilioni 1.56, lakini kwenye Athi hakuna bwawa linalofanana na Thwake. Limekusudiwa kutoa mita za ujazo 150,000 za maji kwa siku kwa watu wa Makueni, Kitui na mji wa Konza, pamoja na umeme na umwagiliaji. Mtu yeyote aliyewaona wanawake wa Kathonzweni wakiongozana na punda kutafuta maji hawezi kulipinga bwawa hilo. Mimi silipingi. Nataka lifanye kazi.

Maji ya mto yakiingia kwenye bwawa hupungua kasi. Mchanga huanguka mwanzoni, na mfinyanzi huendelea polepole hadi karibu na ukuta, ukatua kwenye kina. Tope lililokuwa likienda Sabaki litatua hapo, pamoja na risasi, zebaki na kromiamu zake. Malindi huenda ikapumua. Sakafu ya Thwake itapokea. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikwisha kuonya katika ripoti yake kwamba uchafu unaotoka Nairobi unaweza kuyafanya maji ya bwawa hilo yasifae kwa matumizi ya binadamu.

Bwawa lenye kina kirefu katika nchi ya joto hugawanyika. Maji ya juu hupashwa na jua yakawa mepesi, ya chini hubaki baridi na mazito, na hayachanganyiki kwa miezi. Maji taka ya Nairobi huleta mbolea nyingi. Mwani na magugu maji humea, hufa, huzama, huoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ya chini. Hapo linatokea lilelile tuliloliona Thange: kutu huyeyuka na kuziachia metali ilizozishika. Zaidi ya hayo, bwawa jipya lililofunika majani na vichaka huwapa bakteria nafasi ya kuigeuza zebaki kuwa ile aina inayoingia kwenye samaki, ndiyo iliyowaua watu wa Minamata. Kambale, anayekula chini kwenye tope, huikusanya mwaka baada ya mwaka.

Yote haya yana dawa, na haihitaji miujiza. Vichaka vifyekwe kabla ya maji kujaa. Mnara wa kuchotea maji uwe na milango ya vina tofauti, msimamizi achague tabaka lenye oksijeni. Mtambo wa kusafisha maji utumie shabu ya kutosha ili mfinyanzi ugande na kuzama, kwa kuwa metali nyingi zitazama nao. Kisha lije swali ambalo mara nyingi husahaulika: tope linalobaki chini ya mtambo, ambalo sasa limekusanya metali za maelfu ya mita za ujazo za maji, linatupwa wapi? Likirudishwa mtoni chini ya ukuta, mkulima wa Masongaleni atalipata lote kwa mara moja. Na mwananchi aambiwe wazi kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi risasi, na dawa ya kutibu maji inayouzwa dukani haiondoi pia.

Jambo moja halina nafasi ya pili. Sampuli za udongo wa sakafu ya bonde zichukuliwe kabla halijafunikwa na maji, zipimwe, na matokeo yawekwe mahali ambapo mtu wa mji wa Wote na mtu wa mji wa Kitui wanaweza kuyasoma. Bila hizo, miaka 20 kutoka leo hakutakuwa na wa kuthibitisha nini kilikuwa cha miamba ya Yatta na nini kilitoka Dandora. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Barua ya kuomba matokeo hayo, yakionyesha metali gani, kina gani na tarehe gani, inaweza kuandikwa na mtu yeyote kwa kalamu ya kawaida, ikapelekwa Wizara ya Maji na nakala kwa magavana wote wawili.